Uvimbe wa maji shingoni mwa mtoto: maswali ambayo wazazi wa Bukavu hutuuliza kila mara

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Maswali haya nimeyasikia kwenye benchi la kusubiria, kwenye simu saa nne usiku, na siku moja ndani ya boti ya kwenda kisiwa cha Idjwi, mama alipofunua kitenge na kunionyesha shingo ya mtoto wake kabla hata hatujaondoka bandarini. Nimeyaweka pamoja ili mzazi ayasome kabla mtu yeyote hajagusa shingo ya mtoto kwa wembe. Kama muda wako ni mfupi, soma swali la jipu na lile la wakati wa kukimbia bila kusubiri asubuhi. Mengine yatakusubiri.

Uvimbe huu ni kitu gani?

Ni kifuko chenye maji au ute ndani yake. Madaktari wetu wanakiita kisti. Mtoto alizaliwa nacho, hata kama wewe ulikiona akiwa na miaka mitano. Shingo ya mtoto hutengenezwa katika wiki chache za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua bado kama wana mimba. Siku hizo shingo ina vijifereji na mikunjo ambayo inapaswa kuziba, kila mmoja kwa wakati wake. Ukibaki mmoja haukuziba, unakaa kimya chini ya ngozi na kujikusanyia maji polepole. Halafu mtoto anashikwa na mafua, kifuko kinavimba, na nyumbani mnasema, "Kimetokea jana."

Mama mkwe anasema nilikula kitu kibaya nikiwa na mimba. Majirani wanasema ni karuho, sumu ya kulishwa kwa siri. Ni kweli?

Si kweli, mama. Hakuna chakula wala ugomvi wa nyumbani unaoweka kifuko cha maji shingoni mwa mtoto, na hakuna mtu aliyemlisha sumu. Wengi wa watoto hawa wamezaliwa katika familia ambazo hazijawahi kuona kitu kama hiki, na atakayemfuata kwa kawaida huzaliwa na shingo safi.

Kuna jambo moja la ukoo ninaloliuliza kila mara. Kama mtoto ana tundu au uvimbe pande zote mbili za shingo, au ana vitundu vidogo mbele ya masikio, na kuna ndugu wa namna hiyo, mwambie daktari. Baadhi yao huwa na tatizo la kusikia na la figo pamoja, na inafaa vipimwe.

Nitajuaje ni aina gani?

Mahali uvimbe ulipo panasema mengi kuliko ukubwa wake.

Ukiwa katikati, kati ya kidevu na kikoromeo, mkalishe mtoto karibu na mlango penye mwanga. Weka kidole chako juu ya uvimbe, taratibu, bila kubinya. Mwambie ameze mate, kisha atoe ulimi nje kabisa kama anayetaka kulamba kidevu chake. Ukihisi uvimbe unapanda chini ya kidole ulimi unapotoka, huenda ni kisti ya njia ya tiroidi. Tiroidi ni ile tezi iliyo chini mbele ya shingo. Tumboni huanzia kwenye shina la ulimi, ikashuka hadi mahali pake, na nyuma yake huacha mfereji mwembamba ambao kwa kawaida hupotea kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Usipopotea, kisti hubaki imefungwa kwenye mfupa mdogo wa hioidi na kwenye ulimi, ndiyo maana ulimi unaivuta. Uvimbe wa katikati usiofuata ulimi, ambao ukiugusa ni kama donge la unga uliokandwa, mara nyingi ni demoidi: kipande cha ngozi kilichojifungia ndani, chenye mafuta na pengine nywele.

Ukiwa ubavuni, mbele ya ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua, tunafikiria matao ya koo. Kila mtoto tumboni, karibu wiki ya nne na ya tano, ana matao shingoni yaliyopangana kama matamvua ya samaki. Kati ya kasoro 10 za matao haya, 9 hivi hutoka kwenye tao la pili. La kwanza ni adimu: hutokea karibu na sikio au pembe ya taya, tena jirani kabisa na neva inayotembeza uso, kwa hiyo si kazi ya mkono usio na uzoefu. La tatu na la nne ni adimu zaidi, na ndiyo yanayotudanganya sana. Hukaa chini, mara nyingi kushoto, na mtoto anarudi na jipu lile lile karibu na tiroidi mwaka huu na mwaka ujao. Mtoto aliyepata jipu mara mbili mahali pamoja shingoni upande wa kushoto, nawaomba, asipewe antibiotiki ya tatu bila mtu kuutafuta mfereji unaotoka kooni.

Uvimbe mpana na laini, unaobonyea kama mfuko wa maji, nyuma au pembeni mwa shingo, mara nyingi ni kasoro ya mishipa ya limfu, ile myembamba inayopitisha maji ya mwili. Jina lake la zamani ni higroma. Karibu nusu yao huonekana siku ya kuzaliwa, na wengi waliobaki kabla ya kutimiza miaka 2. Ingia naye chumba chenye giza, weka taa ya simu ubavuni mwa uvimbe: utawaka rangi nyekundu, kama kidole kinavyowaka ukikiweka juu ya tochi.

Halafu kuna aina ambazo muuguzi anaweza kufanya kazi miaka bila kuziona. Kisti ya timusi hutokana na tezi ya kinga inayoshuka kutoka shingoni hadi nyuma ya mfupa wa kifua. Mabaki yake huacha kifuko kirefu, mara nyingi kushoto, na kuna watoto ambao huvimba zaidi wakilia au wakikohoa kwa nguvu. Kabla ya kuitoa, daktari huangalia kama timusi ya kifuani ipo, maana mtoto bado anaihitaji. Kisti ya njia ya hewa nayo hupenda kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua. Hizi mbili mara nyingi hutajwa kwa jina lake baada ya maabara kutazama kipande, si kabla.

Daktari ameandika "fistula" kwenye karatasi. Ni ile wanayotibu Hospitali ya Panzi?

Hapana. Neno hili limetisha mama wengi hapa mjini kwa sababu tunalijua kutokana na wanawake walioumia. Fistula maana yake ni njia isiyotakiwa kati ya sehemu mbili za mwili, popote pale. Ya shingoni ni tundu dogo kama ncha ya sindano, chini ya shingo, karibu na pale kola ya shati inapogusa. Mama mmoja aliligundua kwa kufua. Shati jeupe la shule lilikuwa na doa la manjano kwenye kola, upande ule ule, kila siku, ingawa shingo ya mtoto ilionekana safi. Alipomkalisha juani akasubiri, tone moja la ute likachomoza kama umande. Tundu la namna hiyo lisizibwe kwa plasta wala kwa majani. Osha kwa maji na sabuni, umpeleke mtoto kwa daktari wa upasuaji.

Sisi tulidhani ni rovu, na tumeongeza chumvi yenye iodini.

Swali la haki kabisa katika eneo letu. Watafiti walikwenda Idjwi miaka ya 1960 kwa sababu watu wengi sana kisiwani walikuwa na rovu, na ukosefu wa iodini ulikuwa chanzo kikubwa. Lakini rovu ni tezi ya tiroidi yenyewe iliyokua. Hupanda mtu anapomeza, ila haivutwi na ulimi, na kwa kawaida hujaza upana wa shingo. Endeleeni na chumvi yenye iodini, ni nzuri kwa nyumba nzima. Kisti haitaisha kwa chumvi.

Je, inaweza kuwa kifua kikuu?

Ndiyo, na hapa kwetu swali hili halikwepeki. Tezi za limfu zenye kifua kikuu huvimba polepole, hazichomi sana, hushikamana mbili tatu pamoja, na mwishowe zinaweza kulainika na kutoboka. Zikilainika hufanana sana na kisti. Uliza: kuna mtu nyumbani anayekohoa wiki nyingi? Mtoto amepungua uzito? Anatoka jasho usiku? Daktari huchukua maji kidogo kwa sindano nyembamba na kuyapima. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, miezi 4 hadi 6, na mtoto mwenye tezi za namna hii hahitaji kwanza kisu.

Kituo cha afya kinasema ni jipu, wanataka kulipasua leo. Tukubali?

Hapa nisomeni pole pole.

Mtoto wa dada yangu, kule Bagira, alikuwa na uvimbe katikati ya shingo. Ukawa mwekundu, akapata homa. Kituo kimoja kidogo kikampasua, usaha ukatoka, kila mtu akashukuru. Miezi mitatu baadaye ukarudi. Wakapasua tena, mahali pale pale. Nilipomwona alikuwa na kovu lililovutwa ndani, na katikati yake tundu linalotoa ute kila akila. Ilikuwa kisti ya njia ya tiroidi tangu mwanzo, na hakuna aliyemwambia atoe ulimi. Operesheni yake ilichukua muda mrefu zaidi kuliko ya mtoto ambaye hajaguswa, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimegandana.

Kisti ikishika maambukizi, kwanza ni antibiotiki. Kama usaha umejaa, hospitalini wanaweza kuuvuta kwa sindano. Kuna watoto wachache ambao kweli lazima wapasuliwe, hasa kama pumzi inabanwa, lakini uamuzi huo ufanywe mahali penye daktari wa upasuaji na oksijeni. Kisha tunasubiri wiki 4 hadi 6 mpaka nyama itulie, ndipo kisti itolewe yote. Mara ya kwanza ndiyo yenye nafasi nzuri kuliko zote. Ukimpotezea mtoto nafasi hiyo kwa wembe wa haraka, huirudishi.

Na chale, au kuchoma kwa chuma cha moto?

Hapana. Mjomba akisisitiza, mje naye hospitalini. Nimewahi kukaa na mababu nikawaonyesha picha ya eko (ultrasound), na wakaelewa haraka kuliko vijana. Chini ya ngozi ile, umbali wa upana wa kidole, unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo.

Kwa nini mnasisitiza eko kabla ya yote?

Kwa sababu mbili. Eko inaonyesha kama ndani ni maji au ni nyama, haiumi, na haina mionzi. Ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi: kuna watoto wachache ambao tiroidi yao haikushuka. Ule "uvimbe" wa katikati ndiyo tiroidi yao, na hawana nyingine. Ukiutoa bila kuangalia, mtoto atameza levotiroksini, vidonge vya homoni ya tiroidi, kila siku maisha yake yote, na asipoipata atadumaa mwili na akili. Mwambie anayepima maneno haya haya: "Tunaomba uangalie kama tiroidi ipo mahali pake, na uandike." Kama karatasi ya majibu haitaji tiroidi, rudi ukaulize kabla ya kuondoka.

Skana (CT) au IRM (MRI) huhitajika kwa uvimbe mkubwa, unaoingia kifuani au unaozunguka njia ya hewa. Kwa kisti ndogo ya katikati, eko nzuri inatosha mara nyingi, na sioni sababu ya familia kuuza mbuzi kwa ajili ya skana isiyobadilisha uamuzi.

Ni kansa?

Kwa mtoto mwenye kisti ya kuzaliwa nayo, karibu kila mara si kansa. Kinachotutia wasiwasi ni uvimbe mgumu kama jiwe, unaokua wiki hadi wiki, au wa taya unaolegeza meno. Huo usisubiri hata siku moja.

Wakati gani nikimbie bila kusubiri asubuhi?

Mtoto akivuta pumzi kwa sauti ya kukoroma akiwa macho. Mbavu zikiingia ndani. Akiwa anadondosha mate kwa kushindwa kumeza, au mtoto mchanga akiacha titi ili atafute hewa. Midomo ikibadilika rangi. Uvimbe ukiongezeka ghafla ndani ya saa chache, hasa ule laini wa limfu, ambao unaweza kuvuja damu ndani au kuvimba kwa mafua tu. Mbebe akiwa ameketi wima, usimlaze chali, na njiani usimpe chochote mdomoni.

Operesheni yenyewe inafanywaje?

Kwa kisti ya njia ya tiroidi inafuatwa njia ya Walter Sistrunk, daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1920. Zamani walitoa kifuko peke yake, na karibu nusu ya wagonjwa walirudi na uvimbe. Sistrunk alitoa kifuko, kipande cha katikati cha mfupa wa hioidi, na mfereji hadi shina la ulimi. Wanaorudi siku hizi ni chini ya 10 kati ya 100. Wazazi hushtuka wakisikia mfupa unakatwa. Ni kipande kidogo, mtoto anameza na kusema kama kawaida bila hicho. Muulize daktari wako wazi, bila aibu: "Mtatoa na sehemu ya hioidi?" Akisema hapana, mwombe akueleze sababu.

Kisti za ubavuni hutolewa pamoja na mfereji wake wote, wakati mwingine kwa mikato miwili midogo kama ngazi, maana mfereji unaweza kupanda hadi karibu na tonsili.

Je, lazima kisu? Tumesikia kuna sindano.

Sindano ni kwa kasoro za limfu, hasa zenye vifuko vikubwa. Daktari huvuta maji, kisha huweka dawa kama bleomisini au doksisiklini ili kuta za kifuko zishikane. Hurudiwa mara kadhaa, kwa nafasi ya wiki kadhaa. Baada ya sindano uvimbe unaweza kuongezeka siku chache kabla ya kusinyaa, kwa hiyo mtoto mwenye uvimbe karibu na njia ya hewa hulazwa aangaliwe. Vifuko vidogo vidogo vilivyosambaa kama sifongo haviitiki vizuri, na daktari mwenye busara anaweza kuacha sehemu ili asikate neva. Hilo msilihesabu kuwa kazi mbaya. Kwa kisti ya njia ya tiroidi na za matao, dawa hasa ni upasuaji.

Afanyiwe akiwa na umri gani?

Anayepumua vizuri na hana maambukizi hana haraka. Wengi husubiri mtoto mchanga akue kidogo ili usingizi wa dawa uwe salama zaidi. Lakini kusubiri kusiwe kusahau: kila maambukizi yanayopita hufanya kazi ya daktari kuwa ngumu.

Twende wapi, na tujiandae na nini?

Hapa Bukavu, Hospitali Jenerali ya mkoa na Hospitali ya Panzi zote zina idara ya upasuaji na zinafundisha madaktari. Anzeni kwenye kituo chenu cha afya mpate karatasi ya transferi (rufaa). Bei siandiki kwa sababu hubadilika, ila ulizeni zote kwa pamoja kabla ya kulazwa: vipimo, dawa ya usingizi, chumba cha operesheni, kitanda, maabara. Nimeona mama ambaye mtoto wake amepona lakini hawezi kutoka naye kwa ajili ya deni ambalo hakuna aliyemtajia. Kama mko kwenye mutuele ya afya (bima ya kuchangiana), pelekeni barua ya daktari kwao mapema, si asubuhi ya operesheni.

Usiku wa kuamkia operesheni, chakula na uji viishe masaa 6 kabla ya dawa ya usingizi. Uji wa sosoma (unga wa mtama, soya na mahindi) ni chakula, si maji. Maziwa ya mama mwisho masaa 4 kabla, maji matupu mwisho masaa 2 kabla. Bibi akimpa mandazi kwa huruma alfajiri, tuambieni. Hatutakasirika, tutaahirisha tu, kwa sababu matapishi yakiingia kwenye mapafu mtoto anaweza kufa. Akiwa na homa au kikohozi, semeni pia.

Kile kilichotolewa kinapelekwa wapi?

Maabara. Kiombeni kipelekwe ndani ya chupa ya formalini (dawa ya kukihifadhi kisioze), na majibu myafuate hata kama kidonda kimepona. Ombeni pia nakala ya protokole ya operesheni, ile karatasi inayoeleza kilichokatwa na kilichoachwa. Iwekeni pamoja na kadi ya chanjo. Uvimbe ukirudi baada ya miaka, daktari mwingine atajua aanzie wapi.

Atakuwa na kovu kubwa?

Mkato hufuata mkunjo wa shingo, na kwa wengi baada ya mwaka hubaki mstari. Ngozi za watoto wengine hutengeneza kovu linaloinuka. Mkiliona linakua, rudini mapema.

Tunatoka Idjwi. Tunaweza kurudi siku ya pili?

Nawaombeni mbaki mjini kwa ndugu hadi bomba dogo la kutoa maji litolewe, kawaida siku moja au mbili, na usiku mmoja zaidi. Shingo ikivimba na kuwa ngumu ghafla baada ya operesheni, ni damu inayojaa ndani, na katikati ya ziwa hakuna wa kuifungua. Uchungu wa kumeza wa siku mbili tatu ni wa kawaida. Mpeni uji uliopoa na dawa ya maumivu kwa saa zake. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7, isipokuwa zile zinazoyeyuka zenyewe. Kabla ya kupanda boti, ulizeni ni zipi mlizoshonewa, na mwandikiwe kwenye karatasi ili muuguzi wa kituo chenu kisiwani asizitafute bure.